Mtoto aliyeanza juzi msimpime na aliyeanza akiwa na miaka mitano

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Melbourne. Naishi upande wa magharibi wa mji, huku ukipanda basi jioni unasikia Kiswahili cha Kongo, cha Burundi, cha Kenya na mara moja moja hiki chetu cha Bongo. Gazeti lenu nalisoma kwenye simu nikitoka shifti ya usiku, na kila mnapoandika habari za maskauti wa soka wanaotafuta vijana huwa namuwaza mwanangu, maana huku nako msimu ni huo huo, Novemba ndio drafti ya AFL, ligi kuu ya mpira wa Kiaustralia, na kazini kwetu watu hawaongei kingine, ni nani atachukuliwa wa kwanza na nani wa kumi.

Kwa wasioujua huu mchezo, wenyewe wanauita futi. Mpira una umbo la yai, uwanja ni duara refu, kila timu watu 18, unapiga kwa mguu au unaugonga kwa ngumi, kurusha kwa mkono hairuhusiwi, na ukikimbia nao lazima uudundishe kila mita 15. Sasa drafti ni kwamba kijana hachagui klabu. Klabu ziko 18 na iliyomaliza mkiani ndio inatangulia kuchagua, kwa hiyo mtoto wa miaka 18 wa Melbourne anaweza kutajwa na klabu ya Perth, masaa kama manne kwa ndege, na anaenda. Ni jambo zito kwa familia yoyote ile.

Kabla ya hapo wanapimwa. Mbio za mita 20, kuruka juu ukiwa umesimama, kuruka ukitokea mbioni, kukwepa vizuizi, na kilomita 2 ambazo ukizimaliza kwenye dakika 6 hivi watu wanakuandika. Vipimo sina ugomvi navyo, mguu mzito ni mguu mzito. Ugomvi wangu ni jinsi wanavyowasoma watoto walioanza mchezo wakiwa wakubwa, na watoto wetu wengi ndio hao.

Mwanangu tulifika nae akiwa na miaka 12, futi ameanza na miaka 13, kabla ya hapo ni soka la mtaani tu. Mwanzoni mwa mwaka huu akaenda kwenye majaribio ya kikosi cha vijana, mbio akafanya vizuri, kuruka akawa kati ya watatu wa juu, halafu mkubwa mmoja pale akaniambia kijana ana mwili ila amechelewa kuanza, basi na karatasi ikafungwa. Sikulala ile siku, na haikuwa hasira ya mtoto kukosa maana kukosa kupo, iliniuma kwamba hakuna hata mmoja aliyeuliza miaka mitatu iliyopita alikuwa anafanya nini na huo mpira. Alikuwa hawezi hata kuudaka! Mpira wa yai ukidunda hujui unaenda wapi, wenzake wameanza Auskick, mazoezi ya futi ya watoto wadogo, na miaka mitano, mikono yao inajua yenyewe, wa kwangu kajifunza usomaji huo wote ndani ya miaka mitatu na leo anaudaka juu ya kichwa cha mtu. Ukiwaweka hao wawili kwenye mstari mmoja ukaangalia leo tu, utamchagua wa kwanza. Ukiangalia kila mmoja katembea umbali gani na kwa muda gani, hapo lazima ufikirie mara mbili.

Halafu kuna hili la kuzaliwa. Wa Januari na wa Desemba wa mwaka mmoja wanaingia drafti moja, wangu ni wa Desemba, kwa hiyo anashindana na mtoto aliyemzidi karibu mwaka mzima wa kukua, na kwa umri huo mwaka mmoja ni mabega na ndevu kabisa.

Mfano uko wazi na unatugusa sisi wa Afrika Mashariki. Aliir Aliir kazaliwa Kakuma, ile kambi ya wakimbizi ya Turkana, wazazi wake ni wa Sudan Kusini, na futi kakutana nayo huku Australia. Mwaka alipofikisha miaka 18 drafti ilimpita, hakuna aliyemtaja. 2013 Sydney Swans wakamchukua namba 44, mechi ya kwanza kacheza 2016, baadae akahamia Port Adelaide na 2021 akawekwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Namba moja wa drafti ile ile ya 2013 alikuwa Tom Boyd, kijana mzuri kabisa, alichukua ubingwa na Western Bulldogs 2016 na kwenye fainali alifunga magoli matatu, lakini 2019 akastaafu akiwa na miaka 23 na baadae akaeleza wazi jinsi matarajio ya watu yalivyomlemea. Namheshimu sana kwa kusema vile. Wale waliompanga wa kwanza na Aliir wa 44 walikuwa wataalamu, wanalipwa kwa kazi hiyo, na bado mtoto wa miaka 18 huwezi kumsoma mpaka mwisho. Hata James Hird wa Essendon alichukuliwa namba 79 mwaka 1990 na 1996 akabeba medali ya Brownlow, ile ya mchezaji bora wa msimu.

Nakiri mambo yanabadilika. Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, alicheza mechi yake ya kwanza 2013 na ndio alikuwa wa kwanza kuzaliwa Sudan kufika AFL, na 2021 Gold Coast wakamchukua Mac Andrew namba 5, mrefu na mwembamba, wakakubali kumsubiri anenepe. Hiyo subira ndio naitaka iteremke mpaka huku chini kwa watoto wa miaka 15 na 16, maana huku ndiko wanakokatwa, drafti wanaisikia kwenye TV tu.

Mimi nabebea maji timu ya mtaa kila Jumapili, nimesimama pembeni ya uwanja misimu mitatu, na ninachoangalia ni kijana anafanya nini sekunde mbili baada ya kupoteza mpira, anashika kiuno au anamfukuza aliyemnyang'anya. Naangalia kama mguu wa kushoto wiki hii ni bora kuliko mwezi uliopita, kama kabla mpira haujamfikia ameshageuza shingo kuona nani yuko nyuma yake. Hayo saa ya mita 20 haiyaoni, anayeyaona ni mtu aliyekuja kuangalia mara nne au tano, asubuhi ya baridi, kwenye viwanja vya kwetu ambako maskauti ni nadra sana kuwaona.

Na sisi wazazi nasi tuna kosa letu. Mtoto anatafuta mtu wa kumpeleka mazoezini, baba kalala katoka shifti, mama yuko kazini, anakosa mara tatu kocha anaandika hana nidhamu. Nimeona watoto wawili wa Kirundi wenye kipaji cha kweli wakipotea hivyo hivyo, na kocha hakuwahi kupiga simu nyumbani.

Ombi langu Mhariri, hawa vijana waandikeni, wana jamaa zao Kigoma, Bukavu na Nairobi ambao hawajui kabisa wanachocheza huku. Mwanangu drafti yake ni mwakani. Mazoezi ya kabla ya msimu yanaanza mwezi ujao, Jumanne na Alhamisi, na kazini nimeshaomba wanibadilishie hizo shifti mbili.

Baba wa mchezaji,
Melbourne, Australia