Usianze na magugu

Salma wangu,

Salamu nyingi, na za nyumbani pia. Umeuliza kwa nini Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 pale kati ya Kibera na Lang'ata na kuwahi kupitiwa na mashua za tanga, limegeuka shamba la majani, na mfanye nini na bwawa lenu la mtaani lenye magugu. Jibu haliko bwawani, liko kule maji yanakotoka. Mto Motoine hupita Kibera kwanza, ukafika na majitaka, plastiki na udongo. Nitrojeni na fosforasi ya majitaka ndiyo mbolea ya magugumaji, nayo yakishiba kwenye joto huweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Kuyang'oa huku mbolea ikiingia ni kuyapalilia.

Kwa hiyo hilo bwawa lenu la mtaani anzeni mdomoni, maji yanapoingilia. Chimbeni shimo pana, maji yapunguze mwendo na mchanga utue humo. Kabla ya shimo wekeni chujio la nondo zilizoinamishwa. Zikisimama wima, mifuko huganda kama bandeji, maji hupanda na kuruka juu na taka zake. Zoeni tope kabla ya mvua za Machi, na tena kabla ya zile za Oktoba.

Magugu yatoeni upande yanakosukumwa na upepo. Inueni mmea mzima na mizizi, kwa sababu kipande kikikatika huota upya. Lundo likae mbali na ukingo: zaidi ya tisa kwa kumi ni maji, na yakichuruzika kurudi, hurudi na mbolea. Kupulizia dawa bwawa zima, hapana! Majani huzama na kuoza, oksijeni huisha, na alfajiri utaona samaki wanahema juu ya maji. Mbegu nazo huishi topeni miaka 15 na zaidi, basi kagueni kila wiki.

Tuta linalozuia maji liwe na nyasi fupi tu. Mti wa kivuli unapendeza, lakini mizizi ikifa huacha vijia vya maji ndani ya udongo. Maji yakivuja chini ya tuta, kingeni kwa ndoo mhesabu dakika inazochukua kujaa: zikipungua, uvujaji unaongezeka. Yakitoka na rangi ya udongo, tuta linaliwa ndani: punguzeni maji siku hiyohiyo, mwiteni mhandisi. Na utoro, pale maji ya ziada yanapotokea, mtu asiuzibe kwa mawe ili kuongeza kina. Maji yakipita juu ya tuta la udongo, hulichana.

Ukijibu, nitajie upana wa mdomo na upepo unavuma kutoka wapi.

Wako,
Kamau