Usiliuze basi la Mama

Amarillo, Texas

Swahiba wangu,

Salamu zikufikie wewe, shemeji na watoto, na Mama mfikishie shikamoo yangu. Mimi huku mzima. Baridi imeanza kuuma na mgongo unalalamika, lakini mzigo unakwenda na mkono unakwenda kinywani, tunashukuru.

Nakimbilia lililonifanya nishike kalamu. Konda ameniambia mnataka kuuza basi la Mama, lile lisilotembea alilogeuza hoteli ya kulishia wasafiri. Kasema jamaa wa vyuma chakavu ameshakuja, kalizunguka, kagongagonga bodi, kataja bei ya kilo. Nikamwambia arudie, nikidhani ni mtandao unakatakata. Ndugu yangu, basi la Mama? Kwa kilo?

Sababu naijua. Ile barabara mpya ya mchepuko ikifunguliwa, mabasi ya mikoani na malori yote yatakunja kule juu, na mbele ya Mama zitabaki bodaboda na watu wa mnadani. Bila shaka kaka mkubwa ndiye aliyepiga hesabu, na kwa upande huo hayuko mbali na ukweli. Hoteli ya barabarani inaishi kwa magurudumu, yakihama jiko linazimika. Hilo sibishi. Nabisha mnaposema dawa yake ni kuuza.

Hebu fikiria lile basi lilivyo. Abiria wa njia ile hataji jina la kijiji, anasema "nishushe kwenye basi la Mama," na dereva anajua pa kukanyaga breki. Mgonjwa akielekezwa zahanati anaambiwa ukifika kwenye basi kata kushoto. Na humo ndani! Viti vimegeuzwa vinatazamana, ubao katikati. Usukani umeachwa palepale ili watoto waendeshe wakati wazazi wanakula. Kile kibao cha juu ya kioo cha mbele, kilichokuwa kinaonyesha basi linakwenda wapi, Mama anaandika kwa chaki LEO WALI NA KUKU WA KIENYEJI, unausoma kabla hata hujauona moshi. Kengele ya kushukia ndiyo inayoagiza chai, mlio mmoja ya rangi, miwili ya maziwa. Madereva wa kutoka Zambia ambao hata salamu yetu iliwashinda, kengele ile waliijua.

Wali kama wa Mama unapatikana pengine (usimsomee sentensi hii). Lakini nani amewahi kuona dereva mwenye njaa akipita hoteli tatu bila kusimama, ili tu akale ndani ya basi lisilokwenda popote? Mimi nimewaona, na mwenyewe nilikuwa mmoja wao.

Sasa nikwambie kwa nini nakuandikia kutoka hapa. Nimeegesha karibu na hoteli moja kubwa ya kando ya barabara, jengo la njano, nje kuna bango la mchunga ng'ombe mrefu kama mnara, na limuzini zenye pembe za ng'ombe mbele zinazochukua wageni bure kutoka kwenye nyumba za kulala. Inaitwa The Big Texan. Kila njia ya kutokea huku ina vibanda vilevile vya chakula kilekile, ukifumba macho hujui uko jimbo gani. Hii haifanani na chochote.

Aliianzisha mtu aliyeitwa Bob Lee mwaka 1960, kando ya Route 66, barabara ile ya kutoka Chicago mpaka pwani ya California. Kituko chake ni steki, pande la nyama ya ng'ombe, ya aunsi 72, yaani kilo mbili na kidogo. Ukiimaliza ndani ya saa moja pamoja na kiazi cha kuoka, saladi, kamba na mkate, hulipi. Ukishindwa, unalipa yote. Mwenye kujaribu anakalishwa jukwaani, saa inamhesabia, haruhusiwi kuinuka, na ukumbi mzima unamtazama. Mwaka 2014 mwanamke mmoja, Molly Schuyler, tena mwembamba, aliimaliza kwa chini ya dakika 5. Mwaka uliofuata alirudi akala tatu kwa dakika 20. Mweleze shemeji, aache kujisifia ubwabwa.

Lakini steki siyo habari yenyewe. Habari ni kwamba yaliyowakuta nyinyi yalimkuta na Lee. Serikali yao ilijenga barabara kuu mpya, Interstate 40, na magari yakaikimbilia. Kuna mji unaitwa Glenrio, mpakani mwa Texas na New Mexico. Uliishi kwa Route 66, ulikuwa na vituo vya mafuta, moteli na hoteli. Barabara mpya ilipoupita pembeni, watu wakaondoka. Nimesimama pale, nimeona kuta na majani tu. Lee hakukaa kusubiri hayo. Mwaka 1970 alihamia kando ya barabara mpya na steki yake ileile. Mwaka 1976 moto ukaiunguza hoteli, wakajenga tena. Route 66 yenyewe ilifutwa rasmi kwenye orodha ya barabara kuu mwaka 1985, na huku kwa Lee bado magari yanakosa pa kuegesha.

Yeye alihamisha hoteli nzima, ninyi mna basi! Kreni ya kuliinua na lobedi ya kulibeba, kazi ya siku moja. Lipelekeni pale njia panda, mchepuko unapoachana na barabara ya zamani, ili hata wa mnadani wasimpoteze Mama.

Ila nisikilize kama dereva. Mtu mwenye semi haangalii chakula kwanza, anaangalia ataingilia wapi na atageuzia wapi. Tafuteni eneo pana, kifusi kimwagwe, lisiwe la kuzama mvua zikianza. Kibao cha Mama kikae juu, kionekane mapema, maana gari lenye mzigo halisimami kwa kushtukizwa. Na mkae nje ya hifadhi ya barabara. Tangu sheria ya barabara ya Tanzania ya mwaka 2007 ni mita 30 kila upande, zinapimwa kutoka katikati ya barabara. Msije mkaamka siku moja basi limechorwa X nyekundu. Nendeni serikali ya kijiji sasa hivi, kabla wajanja wa mjini hawajamaliza viwanja. Hao wakishanusa lami mpya hawalali.

Gharama ya kreni na lobedi niachie mimi. Nasema kweli. Nilikula kwa Mama kwa mkopo kipindi kile sina kazi, na daftari lake halikuwahi kunidai mbele za watu.

Sasa nijibu. Jamaa wa vyuma mmeshapokea chochote kwake? Kama ni kishika uchumba, ni kiasi gani, nikitume arudishiwe? Mama mwenyewe kasemaje, au mmeamua juu ya kichwa chake? Magoti yake vipi, anaweza bado kusimama jikoni, au yule binti wa Mzee wa Vitunguu ndiye anayeshika mwiko? Sakafu ya basi upande wa nyuma imeoza kiasi gani, itahimili kuinuliwa? Mchepuko wanasema utafunguliwa lini? Na kengele, bado inalia?

Mpigie jamaa leo hii umwambie asije na winchi yake. Ukishampigia, nitumie ujumbe, hata neno moja tu.

Ni mimi nduguyo wa njiani