Heri ya 9 Desemba

Ndugu zangu wa Bara na Visiwani, nanyi mlio ughaibuni, heri ya Sikukuu ya Uhuru. Mwenyezi Mungu awajalie afya, na pilau ya leo iliwe kwa amani.

Kila ifikapo siku hii tunasema Tanganyika ilijitawala bila kumwaga damu. Ni fahari ya haki, ila mimi husikitika tukiishia hapo. Damu ilikwisha kumwagika. Ilimwagika katika Majimaji, vita vya babu zetu dhidi ya Wajerumani, 1905 hadi 1907. Ikamwagika tena mbali na kwetu, Burma, ambako vijana wa Keya (KAR), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, walipigana na Wajapani katika Vita vya Pili vya Dunia kwa niaba ya mfalme wa Uingereza. Singapore, ngome ya Waingereza waliyoambiwa haivunjiki, ilikuwa imeanguka Februari 1942. Aliyekwisha kuona mtawala wake akishindwa hatishiki tena na karani wa bomani! Abdulwahid Sykes alikuwa miongoni mwa waliokwenda Burma, na baadaye akawa kiongozi wa TAA (Tanganyika African Association) pale Dar es Salaam, chama kilichogeuka TANU, chama cha kupigania uhuru, tarehe 7 Julai 1954.

Uingereza ilishinda vita ikabaki na madeni. Ilikopa Marekani mabilioni ya dola, na mwaka 1947 India ikamtoka mkononi. Mwaka uliofuata, Accra, katika Ghana ya leo, askari wastaafu wa vita hivyohivyo waliandamana kudai haki zao, wakapigwa risasi, watatu wakafa. Ghana ikawa huru mwaka 1957.

Lakini mkoloni aliyechoka haondoki mwenyewe, lazima aondolewe. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Mwalimu Nyerere alikwenda New York Machi 1955 kuitetea mbele ya Baraza la Udhamini. Huku nyumbani Bibi Titi Mohamed aliwafuata akina mama kwenye vikundi vyao vya lelemama, ngoma ya wanawake, akawaingiza chamani kwa maelfu. Hawa ndio ninaowapenda kuliko wote katika historia hii, na ndio tunaowataja kidogo mno. Uchaguzi wa Agosti 1960 ulipofika, TANU ilichukua viti 70 kati ya 71.

Kama kwenu yupo bibi aliyewahi kukata kadi ya TANU, au imebaki medali ya babu wa Keya, waketisheni watoto leo wasimuliwe. Salamu zangu kwa wazee wote, shikamooni.