Gitaa Lako Usiliuze

Kirumba, Mwanza

Ndugu yangu Dotto,

Mwangaluka. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia shemeji amepata nafuu. Huku sote wazima.

Kilichonifanya niandike haraka ni habari kwamba umepata mteja wa gitaa. Unasema vidole vimekuwa vizito na umri umekwenda. Nakuomba, usiliuze.

Unajua hali ya mama. Majirani walisema ni uzee tu, wengine wakanong'ona mambo ya kurogwa, na hilo liliniuma sana. Ni ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, wanauita dimensia. Kule wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea, wakakuta karibu 6 katika kila 100 wanao. Mama jina langu limeshampotea, ananiita kwa jina la marehemu mjomba. Lakini binti yangu akianzisha wimbo wa kwaya, bibi anaupokea hadi ubeti wa mwisho, tena kwa sauti ya pili, bila kukosea. Wataalamu wanasema kumbukumbu ya muziki mara nyingi hudumu hata nyingine zikififia. Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata.

Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa New York uliofuatilia wazee 469 waliozidi miaka 75. Waliopiga ala mara kwa mara, kama waliocheza dansi, waliosoma na waliocheza michezo ya ubaoni, walipatwa na ugonjwa huu kwa nadra zaidi. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, kikaona wapiga ala wana kumbukumbu nzuri zaidi, hasa wa piano. Waimbaji nao walifanya vizuri, labda kwa sababu ya kukaa na wenzao kwaya. Utasema huenda wenye akili timamu ndio wanaodumu na muziki. Ni kweli, tafiti hizo peke yake hazimalizi ubishi. Ila Marekani waliwafundisha piano watu wa miaka 60 hadi 85 kwa miezi 6, na katika baadhi ya vipimo vya umakini wakawapita wenzao wasiofundishwa.

Wewe ulipiga gitaa la ridhim, unajua kazi yake: mkono wa kushoto unatafuta kodi, yaani noti zinazolia pamoja, wa kulia unashika mapigo, sikio linamfuata mpiga besi, na kichwa kinakumbuka wimbo unageukia wapi. Sehemu nyingi za ubongo zinafanya kazi kwa pamoja. Kwa hiyo usirudie za zamani tu. Jifunze wimbo mpya, ule unaokusumbua, kidogo kidogo kila siku, na mjukuu akae hapo ajifunze nawe. Kigangoni pia nenda, kwaya haikosi nafasi ya mpiga gitaa.

Spika zipunguze sauti, maana kupoteza usikivu nako kunachangia ugonjwa huu. Na dawa za presha usiziache eti unapiga muziki. Presha huharibu mishipa ya ubongo.

Huyo mteja mwambie umeghairi. Nitapita Makoroboi kutafuta nyuzi mpya nizitume kwa meli ya Nansio. Nijulishe tu kama unataka za chuma au za nailoni.

Wako,
Masanja