Salamu za Pasaka kwa wanaoamini na wanaosita

Wapendwa, Kristo amefufuka! Najua wengi wenu mmeshaitikia "amefufuka kweli kweli," na wachache mmesita kidogo. Salamu ni zenu nyote, ila leo naanza na ninyi mliosita.

Mathayo anafunga injili yake mlimani Galilaya. Wanafunzi kumi na mmoja wamesimama mbele ya Yesu aliyefufuka, wanamwona kwa macho yao, na bado sura ya 28 mstari wa 17 unasema: "Nao walipomwona, walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka." Yesu hakuwatenga wenye shaka. Agizo la kwenda kwa mataifa yote walipewa wote, palepale, na hakuna aliyeambiwa angoje kwanza shaka imtoke. Mstari huo nimeusikia ukirukwa mara nyingi kuliko kuhubiriwa.

Kwaresima hii tulizisoma injili nne kwa pamoja, na mliokuwepo mnakumbuka kelele zake. Marko anataja wanawake watatu waliokwenda kaburini, Mathayo wawili, Yohana Maria Magdalena peke yake. Kwa Marko kuna kijana mwenye vazi jeupe. Kwa Luka ni wanaume wawili. Tukaona pia kwamba nakala kongwe mbili za Marko, za karne ya 4, zinaishia 16:8, wanawake wakikimbia bila kumwambia mtu neno kwa sababu waliogopa. Naye Paulo, aliyewaandikia Wakorintho miaka ya 50, kabla ya injili hizo, anawataja waliomwona Bwana: Kefa (yaani Petro), wale Thenashara, ndugu zaidi ya 500, Yakobo, mwishowe yeye mwenyewe. Maria Magdalena, ambaye injili zote nne zinamweka kaburini, kwa Paulo hayumo.

Wako wenzetu wanaosema kaburi lilikuwa tupu na mwili ukainuka, basi. Wengine wanasema wanafunzi walikutana na Bwana kwa namna ambayo hata wao walishindwa kuieleza vizuri. Mimi ni wa kundi la kwanza. Hatukupigia kura jambo hilo, na Jumapili iliyofuata tulishiriki Meza moja.

Halafu kuna hilo la Luka, kwamba mitume waliyaona maneno ya wanawake kuwa upuzi. Tumelisoma kila Pasaka, vizazi na vizazi, lakini Kanisa la Kianglikana hapa Kenya lilipata mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi mwaka 2021 tu, Askofu Rose Okeno wa Butere. Sijui tulikuwa tunasoma kwa macho gani.

Maswali ya nakala na hesabu za malaika yana raha yake, nakiri nayapenda. Gumu zaidi lilitoka kwenye kikapu, limeandikwa kwa penseli nyuma ya bahasha ya sadaka: "Kama Mungu alimfufua Mwanawe, mbona hakumponya wangu?" Halikuwa na jina, na hatukulitafuta. Mtu mmoja alianza kusema ni mapenzi ya Mungu, akanyamaza katikati. Mwingine alikumbusha kwamba Yesu mwenyewe alilia msalabani, "Mbona umeniacha?", na hakuna mahali injili inaposema alijibiwa saa ile. Tuliachia hapo. Mwenye bahasha, kama unasoma: swali lako tumelihifadhi, na hakuna atakayekuletea jibu la kukuharakisha ukaushe machozi.

Wapo watakaouliza kwa nini kanisa lijisumbue na haya badala ya kuimba na kwenda zetu nyumbani. Kuimba tutaimba. Lakini Aprili 2023, Pasaka ikiwa ndiyo kwanza imepita, habari za msitu wa Shakahola kule Kilifi zilianza kutufikia: watu waliofunga chakula hadi kufa wakitarajia kukutana na Yesu, na hatimaye miili zaidi ya 400 ikafukuliwa, ya watoto ikiwemo. Tangu hapo siwezi tena kumsikia mhubiri akisema "usihoji, amini tu" nikatulia kitini. Muumini anayeuliza "imeandikwa wapi?" na "nani anafaidika?" anawalinda jirani zake. Afadhali mtoto wetu wa kipaimara atuchoshe kwa maswali hapa mbele yetu kuliko ajifunze kunyamaza.

Basi Jumatatu ya Pasaka tunakaa tena baada ya chakula cha mchana. Tutaanza na Thomaso, mwanafunzi anayelaumiwa kwa kusema hataamini mpaka aone majeraha ya Bwana, na ambaye nadhani ameonewa: wenzake walionyeshwa mikono na ubavu kabla yake, yeye aliomba tu kile walichokwishapata. Anayeona ninamtetea kupita kiasi aje na Biblia yake tubishane. Chai ipo, mandazi yategemea ninyi.

Pasaka njema kwenu, kwa wagonjwa wetu, na kwa waliosafiri mashambani.

Wenu katika Kristo,
mzee wa kanisa ambaye vikao vyake haviishi kwa wakati