Mama, usiogope upepo wa baharini

Shikamoo mama, baba naye mpe shikamoo yangu na wadogo zangu wote wasalimie. Mimi mzima kabisa. Kwenye ile sauti uliyonitumia uliuliza kama kweli kazi yetu ni kukamata magonjwa hewani, leo nimepata nafasi nikueleze vizuri maana naona una wasiwasi.

Tunachokamata ni vijidudu vinavyosafiri na upepo juu ya bahari. Tunaweka pampu ufukweni, inavuta hewa inapita kwenye filta, afu filta inaenda maabara tunaangalia DNA, yani vinasaba vyao, tunajua nani kapita. Ni bakteria, virusi, kuvu, mwani mdogo sana, na wengi wao mama hawana shida yoyote na binadamu, tunawavuta kila siku na tuko salama.

Ninachopenda zaidi ni jinsi wanavyotoka majini. Wimbi likivunjika linaingiza hewa ndani ya maji, hewa inakuwa mapovu, mapovu yakipanda yanawabeba bakteria njiani na yakifika juu yanapasuka yanarusha vitone vidogo mno, yani kitone kimoja kinaweza kuwa na bakteria wengi kuliko kiasi hicho hicho cha maji kilikotoka. Vitone vikikauka vinabaki chembe za chumvi na aliyemo ndani, upepo unaondoka nao. Wengine wanasafiri na vumbi. Mwaka 1832 mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin akiwa melini karibu na Cape Verde, visiwa vya Atlantiki magharibi mwa Afrika, alikusanya vumbi lililoangukia meli, baadaye Ehrenberg, mwanasayansi wa Ujerumani, akapima pakiti tano za vumbi la namna hiyo alizotumiwa na Darwin akakuta aina 67 za viumbe, na wakati huo hakuna aliyejua DNA ni nini! Halafu 2018 watafiti wa milima ya Sierra Nevada, Hispania, wakaripoti kwamba kila mita moja ya mraba inaangukiwa na mamia ya mamilioni ya virusi kwa siku, wengine wametokea Sahara na wengine baharini. Mi hiyo namba bado inanishangaza kila nikiikumbuka.

Sasa mama sitakuficha, kuna upande unaoniuma. Bahari inarusha hewani chochote kilichomo, ukimwaga maji ya choo inarusha na hayo. Kule Imperial Beach, Marekani, mpakani na Mexico, maji machafu yanaingia baharini, na utafiti uliotoka 2023 ulionyesha kuna nyakati hadi robo tatu ya bakteria waliokutwa kwenye hewa ya pwani ile walitokana na uchafu huo. Watu hawajaogelea kabisa, wamepita tu ufukweni! Na kuna mwani wenye sumu, Genoa kule Italia mwaka 2005 watu kama 200 walipata homa na kikohozi kwa kuvuta hewa ya ufukweni, mwani unaitwa Ostreopsis.

Kwa hiyo baba na pumu yake asiache kwenda baharini, hewa ile ni nzuri. Ila siku akiona maji yamebadilika rangi, samaki wamekufa wametupwa ufukweni na koo linamwasha, aondoke hapo akae mbali upepo usikomfikia, na inhela awe nayo mfukoni.

Mdogo wangu anayependa sayansi mwambie aniandikie maswali yake yote, nitamjibu hata yakiwa mengi. Nawapenda sana mama.

Mwanao