Ziara za vyuo vikuu zisiwe mandari

Ndugu Mhariri,

Shule nyingi za sekondari hukodi basi kupeleka kidato cha tano na cha sita "kuona chuo". Wakifika Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanapiga picha mbele ya Ukumbi wa Nkrumah, wanazungushwa maktaba iliyofunguliwa mwaka 2018, wanakula wali, wanarudi. Mzazi aliyetoa nauli amelipia mandari.

Kosa huanzia kwenye tarehe. Vyuo vyetu kwa kawaida hufungua Oktoba au Novemba na kufunga Julai, hivyo atakayekwenda Agosti au Septemba atakuta mabweni matupu na maabara zimefungwa. Siku za mwanzo wa Desemba zinafaa zaidi: shule zimefunga, vyuo bado vinasoma. Hata hivyo soma kwanza almanaki ya chuo husika, maana wiki ya mitihani hakuna atakayekusikiliza. Mkuu wa shule aandike barua angalau wiki mbili kabla na ataje kozi zinazotakiwa. Bila hivyo mtapokewa na afisa uhusiano, mtapewa kipeperushi, basi.

Hakikisheni pia mnakwenda kampasi yenyewe. Ualimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam unafundishwa pia kwenye vyuo vyake vishiriki: DUCE, Chang'ombe, na MUCE, Iringa. SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo cha hapa Morogoro, ina kampasi ya Mazimbu, na ina ya Mizengo Pinda huko Katavi. Mtoto anaweza kuvutiwa na miti ya Mlimani, akajaza fomu bila kusoma mstari mzima, akajikuta Iringa.

Kila mwanafunzi aende na daftari lenye kozi tatu alizozichagua kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), na kwa kila kozi aandike masomo yanayotakiwa, miaka ya kusoma na idadi ya nafasi. Hiyo idadi ndiyo inayozaa maswali. Kama kozi inachukua 400, ukumbi unakaa wangapi? Semina zina makundi ya watu wangapi? Kwenye mazoezi ya maabara, hadubini moja hutumiwa na wangapi? Mkifika, gawanyikeni kwa tahasusi, yaani michepuo ya masomo, watu wanane kwa kundi: PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) waende maabara, HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) waende idara zao. Msafara wa watu 50 hausikii kitu, na wa nyuma huwa wanachati.

Watafuteni wanafunzi wa mwaka wa pili, mwalimu akikaa pembeni. Wa mwaka wa kwanza bado anashangaa mji. Wa mwaka wa tatu akili iko kwenye ajira. Waulizeni somo gani linatoa sapu (mitihani ya marudio) nyingi, waliodisko, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli, mwaka jana walikwama wapi, matokeo hutoka baada ya muda gani. Waombeni mwone chumba wanacholala, maana chumba cha maonesho huwa kimefagiliwa. Mkiona vitanda vinne msidhani wanalala wanne. Ulizeni kuhusu kubebana, yaani kulaza chumbani wenzao waliokosa nafasi. Fungueni bomba. Kisha tembeeni kwa miguu kutoka bwenini hadi ukumbi wa mihadhara huku mkitazama saa.

Upande wa fedha, ada ni sehemu tu ya gharama. Ombeni karatasi ya mchanganuo wote, pamoja na michango, bima ya afya na gharama za mafunzo kwa vitendo. Bumu, yaani posho ya mwanafunzi kutoka Bodi ya Mikopo, lilipandishwa mwaka 2022/2023 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na hela hiyo ni ya chakula na malazi. Piteni vibandani muulize bei ya chai, ya mchana na ya usiku, kisha kodi ya chumba mtaani, mjumlishe wenyewe. Akitokea mtu getini anayedai anaweza "kusaidia nafasi" kwa fedha taslimu, ondokeni.

Tangu 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni, na aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja hupewa siku chache kuthibitisha kimoja. Maombi hayo hupokelewa wakati vijana wengi wa kidato cha sita wapo makambini JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), ambako simu ni ya kubahatisha. Kwa hiyo lile daftari libaki nyumbani kwa mzazi, likiwa na chuo cha kwanza, cha pili na cha tatu, na sababu za kila kimoja.

Mwalimu wa taaluma,
Morogoro